Aliitikia kwa kichwa, wakaandika "amechagua"

Swali:

"Mwanangu wa kiume ana miaka 17 na nusu. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, ana ulemavu wa akili wa kiasi, na kifafa chake kinadhibitiwa kwa dawa. Anatumia kiti cha magurudumu. Maneno yake ni machache, mengi anatuonyesha kwenye ubao wa picha. Shule na kliniki ya watoto vinafikia mwisho akitimiza miaka 18, na tumeshafanya kikao cha kwanza cha kuhamia huduma za watu wazima. Walituambia mpango utamweka yeye katikati, nikafurahi. Kisha afisa akamuuliza, 'Ungependa kwenda kituo cha kutwa?' Akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Wakaandika 'amechagua kituo'. Nilipotaka kusema kitu niliambiwa kwa upole kwamba anakuwa mtu mzima, tumwache aseme mwenyewe. Mimi najua huitikia kila kitu akiulizwa na mgeni. Ndugu wananihimiza nikaombe ulezi wa kisheria mahakamani kabla ya siku yake ya kuzaliwa, la sivyo sitakuwa na sauti tena. Je, hivi ndivyo inavyotakiwa kuwa? Nafasi yangu ni ipi sasa? Ana maisha mazuri, sitaki yavurugwe kwa jina la uhuru."

Jibu:

Mama, nimelisoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale ulipoambiwa "kwa upole" umwache aseme mwenyewe. Upole wa namna hiyo unauma kuliko ukali, maana huwezi kuujibu bila kuonekana mama asiyetaka mwanawe akue. Basi nianzie hapo. Afisa hakukosea kumgeukia kijana na kumuuliza yeye. Kwa miaka mingi watu wamezungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayumo chumbani, na mazoea hayo ni lazima yakome. Kosa lilikuja baadaye: mgeni aliuliza swali moja, kuhusu mahali ambapo kijana huenda hajawahi hata kupaona, akapata tabasamu, akaliandika kuwa ni uamuzi.

Umeuliza juu ya kule kuitikia kwa kichwa, juu ya mahakama na juu ya nafasi yako. Nitakaa sana kwenye kichwa, kwa sababu hayo mengine mawili yanakitegemea.

Unachokiona kwa mwanao kinajulikana vizuri. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani walichapisha kazi yao kuhusu mahojiano na watu wenye ulemavu wa akili. Waliwauliza jambo moja kwa namna mbili zinazopingana, na mara nyingi mtu yule yule aliitikia "ndiyo" kwa zote mbili. Walipowapa vitu viwili wachague kimoja, wengi walielekea kukishika kile kilichotajwa mwisho. Picha zilisaidia. Tangu hapo, mtu yeyote aliyefundishwa kazi hii anapaswa kujua kwamba swali la "ndiyo au hapana" ndilo swali baya kuliko yote la kumuuliza kijana kama wako kuhusu jambo zito.

Kwa nini huitikia? Watu hudhani ni kwa sababu haelewi, na wakati mwingine ni kweli. Lakini mtu ambaye tangu utotoni ameinuliwa, ameogeshwa na kuvishwa na mikono ya wengine amejifunza mapema kwamba "ndiyo" humaliza mambo haraka na kuwaacha watu wakiwa na furaha. "Hapana" inagharimu. Inaleta maswali mengine, sauti zinabadilika, mtu anarudia swali kwa nguvu zaidi. Na tabasamu la mwanao mbele ya afisa huenda lilikuwa adabu tu, kama sisi wengine tunavyotabasamu tukizungumzishwa kwa lugha tusiyoijua.

Nami nimewahi kuandika neno kama lile. Nilikuwa mgeni kazini, nikamuuliza binti wa miaka 19 kama angependa kuhamia nyumba yenye wenzake watatu na wahudumu wa zamu. Akaitikia, nikaandika "amekubali", nikafunga faili. Wiki ya tatu baada ya kuhama, akaanza kuvua viatu kila asubuhi mlangoni. Wakimvisha, anavua. Kwenye daftari la zamu wahudumu wakaandika "mkaidi, hataki kutoka". Dada yake alipokuja kumtembelea na kusimuliwa, alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Kwao, alisema, kuvua viatu ni kusema "simjui huyu". Tukatazama ratiba: kila asubuhi binti yule alikuwa anachukuliwa na dereva mwingine. Tukamwekea dereva mmoja na viatu vikakaa miguuni. Ila swali la kama nyumba ile aliitaka kweli lilibaki palepale, na sikuwa tena na njia safi ya kumuuliza. Alikuwa ameshahama.

Angalia maarifa yale yalikuwa wapi: kichwani mwa dada mmoja. Hakuna mtu aliyemwomba ayatoe, naye hakujua kuwa ni maarifa. Kwako ni vivyo hivyo. Unajua mambo mia juu ya mwanao ambayo hujawahi kuyaandika, kwa sababu hapajawahi kuwa na haja. Haja hiyo ndiyo imefika.

Chukua daftari la kawaida na ugawe ukurasa katika safu nne. Ya kwanza: kinachoendelea. Ya pili: anachofanya. Ya tatu: tunadhani maana yake nini. Ya nne: tufanye nini. Jaza kwa wiki mbili, wewe na yeyote anayemhudumia. Nikupe mfano wa mstari mmoja ulivyo. Mtu mpya anaanza kumvua shati bila kumwambia. Anakaza mkono wa kushoto na kugeuza uso ukutani. Tunadhani anasema ngoja. Simama, mwonyeshe shati, hesabu kimoyomoyo hadi kumi, endelea akilegeza mkono. Mstari kama huo una faida kuliko kurasa tatu za ripoti inayosema "anahitaji msaada kamili katika kuvaa". Ripoti inamwambia mhudumu kazi ni ngumu kiasi gani. Mstari wako unamwambia mwenye mkono ule anataka nini.

Usiliache neno "tunadhani". Wewe pia unaweza kukosea, na mtu mwingine nyumbani anaweza kuusoma mkono ule kwa namna nyingine. Mkihitilafiana, andikeni zote mbili.

Baada ya wiki mbili utaanza kuona mambo yakijirudia, na hayo ndiyo yanayostahili kuitwa chaguo: anachokifuata kwa macho, anachokisogelea, kinachomfanya alale vizuri, anachokikwepa hata akibembelezwa. Ukitaka kumuuliza moja kwa moja, muulize kwa picha za vitu alivyokwisha kuvionja, na kati ya picha hizo iwepo moja yenye maana ya "hakuna hata kimoja". Rudia siku nyingine ukizigeuza nafasi, ya kulia iende kushoto. Jibu likisimama mara tatu katika siku tofauti, na kwa waulizaji tofauti, una kitu cha kupeleka kikaoni. Likiyumba, hilo nalo ni taarifa: bado hajaamua, au swali halijamfikia.

Onyo moja juu ya ubao. Wewe ushike ubao, yeye aonyeshe. Wapo wanaokushauri umshike kiganja au kiwiko ili "umsaidie" kufikia picha au herufi. Usikubali. Njia hiyo imepimwa mara nyingi, na ilionekana kwamba ujumbe unatoka kwa anayeshika hata kama mwenyewe hajijui. Mwaka 2018 chama cha wataalamu wa matamshi, lugha na usikivu cha Marekani kilisema wazi kwamba isitumike. Kama mkono haufiki, tafuta njia inayomfaa yeye: macho, kichwa, swichi ya kubonyeza kwa goti.

Sasa maneno haya "kumweka mtu katikati", maana yametumika hadi yamechakaa. Kuna wanaodhani maana yake ni kwamba lolote atakalosema ndilo litakalofanyika, na familia ikae nje. Wengine wanadhani ni jina la fomu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Michael Smull na wenzake huko Maryland, Marekani, walikuwa wakiwapangia maisha watu waliokuwa wakitoka kwenye taasisi kubwa, watu ambao ilisemwa hawawezi kuishi nje. Wakatofautisha mambo mawili ambayo mipango mingi ilikuwa inayachanganya: yaliyo muhimu machoni pake mwenyewe, na yaliyo muhimu kwa afya na usalama wake. Dawa ya kifafa ni ya kundi la pili. Kusikiliza redio wakati wa kuoga ni la kwanza. Huduma nyingi hujaza la pili hadi pomoni na kuliacha la kwanza tupu, kisha hushangaa kijana anapokataa kila kitu. Kazi yenyewe ni kuyapatanisha: dawa inywewe, ila inywewe wakati redio inalia kama ndivyo anavyoipokea vizuri. Pima mpango wowote utakaoletewa kwa kipimo hicho. Weka alama kwenye kila jambo, la kundi gani. Ukikuta kundi la kwanza lina mistari miwili, tena ya jumla kama "anapenda muziki", rudisha. Muziki upi, saa ngapi, kwa sauti gani, na akichoshwa nao anafanyaje?

Nafasi yako, basi. Mpaka leo umekuwa msemaji wake. Kuanzia sasa wewe ni shahidi na mkalimani, na hiyo kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa inakudai utenganishe sauti mbili ambazo kwa miaka 17 zimetoka kinywani kimoja. Jizoeze kusema kikaoni: "Yeye anaonyesha hivi, na ushahidi ni huu. Mimi kama mama naonelea hivi." Sentensi hizo mbili zikitamkwa mbalimbali, si rahisi mtu kukunyamazisha, kwa sababu humsemei tena. Na ukizichanganya, afisa ana haki ya kukushuku.

Nikwambie pia jambo ambalo huenda lisikupendeze. Wazazi tunawajua watoto wetu kama walivyo mbele yetu. Nimeona vijana ambao nyumbani "hawapendi kelele", nao wakawa wa kwanza kuitafuta ngoma walipokuwa na wenzao. Wewe una hofu zako na uchovu wako, na hivyo viwili navyo hupiga kura kimyakimya. Ukiombwa umwache na mhudumu nusu saa bila wewe, mwache, mradi mhudumu amesoma daftari lako kwanza. Huenda akaonyesha kitu ambacho mbele yako hana haja ya kukionyesha.

Kuhusu mahakama, ndugu zako wanakutakia mema lakini wamekielewa kitu vibaya. Ni kweli kwamba katika nchi nyingi mamlaka ya mzazi hukoma mtoto anapotimiza miaka 18. Ila ulezi wa kisheria haukupi wewe sauti mpya. Unachukua sauti yake na kuiweka mikononi mwako, mara nyingi yote kwa jumla, hadi mambo ambayo hakuna aliyewaza, kama ndoa au kura. Na ukishatolewa, kuufuta ni kazi ndefu.

Dunia imekuwa ikielekea kwingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unasema katika kifungu cha 12 kwamba watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kwamba nchi ziwapatie msaada wa kuutumia. Mwaka 2014 kamati inayousimamia ilifafanua kwamba mifumo ya kumwamulia mtu inapaswa kupisha mifumo ya kumsaidia aamue. Peru ilibadili sheria yake mwaka 2018 kwa mwelekeo huo. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, mtu anaweza kuandikiana makubaliano na watu anaowaamini wamsaidie kuamua, bila kwanza kutangazwa kuwa hajiwezi. England na Wales wana sheria ya mwaka 2005 inayomhusu mtu tangu miaka 16. Inaanza kwa kuchukulia kwamba anaweza kuamua, inadai asaidiwe kwa kila njia kabla ya kusema hawezi, na inasema wazi kwamba uamuzi usio wa busara si ushahidi wa kukosa uwezo. Hiyo sehemu ya mwisho naipenda. Wangapi kati yetu tungepita mtihani wa busara?

Sheria ya unakoishi inaweza kuwa tofauti na hizo zote, ndiyo maana sikuambii usiende kabisa. Nakuambia usiende kwa sababu ya tarehe kwenye kalenda. Orodhesha kwanza unachokihitaji hasa. Ukitaka kuwemo vikaoni, kupata majibu ya daktari na kuulizwa kabla mabadiliko hayajafanywa, mara nyingi barua ya ridhaa au maelezo kwenye faili yanatosha. Omba hayo kwanza. Kama kuna mali au urithi wa kusimamia, upasuaji mkubwa ambao yeye hawezi kuuelewa hata akisaidiwa, au mtu anayemnyonya fedha, hapo mwone mwanasheria anayeshughulika na mambo ya ulemavu. Mwombe amri ya jambo hilo moja, yenye muda, inayoweza kupitiwa upya.

Sasa kituo cha kutwa. Sina ugomvi nacho, na sitaki utoke hapa ukidhani ni mahali pabaya kwa kuwa tu kiliandikwa vibaya. Kwa baadhi ya vijana ndiko walikopata rafiki wa kwanza asiye ndugu. Nenda ukakione, lakini usiende siku ya wageni. Nenda siku ya kawaida, saa za katikati, ukae saa mbili, ukiwa naye. Usiwaangalie wahudumu wanavyokupokea wewe. Tazama kama mbao za mawasiliano ziko mapajani mwa wenyewe au zimetundikwa ukutani. Tazama mtu anayetaka kwenda chooni anasubiri dakika ngapi. Sikiliza mhudumu akisukuma kiti anasema kitu kwanza, au mtu anashtukia tu anasogea. Kisha mtazame mwanao: yale uliyoyaandika kwenye safu ya pili yanatokea yapi? Pakionekana panafaa, omba aanze kwa nusu siku mbili kwa wiki, na mapitio baada ya wiki sita. Kukubali kujaribu hakumaanishi kwamba amehamia.

Njia nyingine zipo, na kila moja ina bei yake. Msaidizi binafsi anayekuja nyumbani huleta uhuru mwingi wa ratiba, lakini mwanao anaweza kujikuta na rafiki mmoja tu, tena wa kulipwa, ambaye siku moja ataacha kazi. Pale ambapo serikali humpa mhusika fedha aajiri mwenyewe, wewe ndiye utakayekuwa unapanga zamu na kutafuta mbadala msaidizi akiugua. Kubaki nyumbani nawe kama sasa ni kuzuri leo, ila wewe unazeeka na mgongo wako nao unazeeka. Wengi niliowaona wakifanikiwa wana wiki ya mchanganyiko: siku mbili kituoni, siku mbili na msaidizi wakifanya kitu chenye kazi ndani yake, na siku zilizobaki za familia. Mchanganyiko unasumbua kuupanga, na maofisi hayaupendi kwa sababu hauingii kwenye kisanduku kimoja.

Zaidi ya huduma, anahitaji watu. Judith Snow, mwanamke wa Kanada aliyekuwa akitumia kiti cha magurudumu na kuhitaji msaada kwa kila kitu cha mwili, kuelekea mwaka 1980 alikuwa amedhoofika sana akiishi kwenye taasisi. Kilichombadilishia maisha ni kundi la marafiki waliokusanyika, wakapigania aishi nje na wasaidizi wake mwenyewe, na hawakuondoka baada ya hapo. Wanaiita duara la msaada. Ukipata watu wanne au watano, angalau wawili wasiwe ndugu na mmoja awe na umri wa mwanao, wanaokutana mara moja kila miezi miwili akiwepo yeye, umemwekea kitu ambacho bajeti ikikatwa hakikatiki.

Afya nitaipitia haraka. Kliniki ya watoto humtazama mtoto mzima, tena pamoja na mama yake. Huduma za watu wazima zimegawanywa kwa viungo: wa kifafa hapa, wa mifupa pale, na hakuna anayekusanya. Uliza swali moja sasa hivi: kati ya cheti cha mwisho cha dawa kutoka kwa daktari wa watoto na cha kwanza cha daktari wa watu wazima, nani ataandika dawa za kifafa? Upate jina na tarehe. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 kuhusu uhamisho huu unataka kijana awe na mtu mmoja anayetajwa kwa jina, amfuate angalau miezi 6 kabla ya kuhama na miezi 6 baada ya kuhama. Hata kama unakoishi hawaufuati, hakuna anayeweza kukukataza kuuliza, "Kwetu mtu huyo ni nani?" Omba pia barua ya muhtasari wa historia yake kutoka kwa daktari wa watoto kabla faili halijaenda ghala.

Na tabia yake ikibadilika katika kipindi hiki, akiacha kula, akianza kupiga kelele usiku au kujiuma, usikubali kuambiwa "ni ulemavu wake" au "ni kuzoea mazingira" kabla mwili haujakaguliwa: meno, masikio, choo kigumu, nyonga, na kiti chenyewe. Vijana wenye mtindio wa ubongo huendelea kukua wakati kiti ni kile cha miaka mitatu iliyopita, na maumivu ya nyonga hayana picha kwenye mbao nyingi. Weka picha hiyo kwenye ubao wake wiki hii.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kabla ya kikao kijacho, mtaalamu wa tiba ya matamshi na mawasiliano amwone ana kwa ana. Tathmini yake ya jinsi mwanao anavyosema "ndiyo" na "hapana" itakuwa na uzito kikaoni kuliko neno langu na lako. Degedege zikiongezeka au zikibadilika sura, usisubiri miadi ya watu wazima, mrudishe kwa daktari wake wa sasa. Degedege moja ikizidi dakika tano, hiyo ni dharura. Ukiona michubuko isiyo na maelezo, au anamwogopa mtu fulani wa huduma, mwondoe hapo kwanza, uripoti, halafu ndipo uulize maswali. Na kama wewe mwenyewe hulali, mweleze daktari wako. Hilo si suala la pembeni katika mpango wake.

Lililo la leo ni kumbukumbu za kile kikao. Waandikie barua fupi, bila hasira: "Naomba maneno 'amechagua kituo' yabadilishwe yawe 'alipoulizwa kuhusu kituo cha kutwa aliitikia kwa kichwa, maana ya jibu hilo bado haijathibitishwa, ataulizwa tena kwa picha baada ya kukitembelea'. Naambatisha kurasa mbili zinazoeleza jinsi anavyokubali na anavyokataa." Taja tarehe ya kikao, saini, bakiza nakala. Kisha msomee yeye barua hiyo ukimwonyesha picha, na nakala nyingine uitie kwenye mfuko wa nyuma wa kiti chake.